Amana ya Vipande Elfu Moja

Nyumbani kwetu Kinondo kuna meza moja tu. Hapo mamangu hukandia unga wa chapati, hapo watoto huandikia kazi ya shule, hapo mgeni wa heshima huwekewa chai. Kwa wiki tatu nzima meza hiyo ilikaliwa na kasri la Ujerumani lililozungukwa na theluji, na hakuna aliyeruhusiwa kuweka hata kikombe.

Kakangu alikuwa akifanya kazi hotelini Diani. Mgeni mmoja, akirudi kwao, alimwachia boksi la picha iliyokatwa vipande 1000, uipange mpaka itimie. Akaanza kuipanga na binti yake wa miaka kumi na mmoja. Walimaliza kingo zote nne na mnara mmoja, kisha kazi ya Doha ikapatikana, mkataba wa miaka miwili. Akaondoka. Mtoto akaendelea peke yake, na theluji ni ngumu kwa mtu ambaye hajawahi kuiona: vipande vyeupe tupu, vyote vyafanana. Siku aliyoweka cha mwisho alimpigia babake simu, akamgeuzia kamera, akamwambia, “Baba, sitaigusa. Utaikuta.”

Hapo ndipo kesi ilipoanza. Mdogo wake wa miaka saba anataka ivunjwe aipange na yeye. “Dada amecheza, mimi je?” Mamangu anataka meza yake. Fundi seremala jirani akaja na suluhisho: pakaza gundi nyeupe ya mbao juu yake, iache ikauke, igongomee fremu, itundike ukutani. Nami kwa kuwa ni shangazi, na shangazi ndiye wa kuamua mambo yasiyo na mwenyewe, nikaulizwa.

Nilidhani ni jambo dogo. Kumbe swali lenyewe ni zito: kitu kilichokwisha kufanyika, ni haki kukihifadhi, au ni haki kukirudisha kazini?

Tuanze na gundi. Picha za namna hii zilianza London katika miaka ya 1760, wakati mchongaji ramani John Spilsbury alipobandika ramani juu ya ubao na kuikata kwa kufuata mipaka ya nchi, ili watoto wajifunze jiografia. Maana yake ilikuwa katika kuvunja na kupanga tena. Ukiipaka gundi umeigeuza kalenda. Na kama tulichotaka ni kasri ukutani, kalenda zipo tele Ukunda.

Basi ivunjwe? Wengi watakwambia furaha iko katika kupanga, si katika kutazama. Ni kweli, lakini ni rahisi kusema hivyo kama si wewe uliyetoa ahadi. Zile kingo ziliwekwa na vidole vya mtu ambaye leo yuko Doha, na ukizivunja huwezi kuziweka tena vilevile. Vipande vitarudi mahali pake, sawa. Ila aliyeviweka atakuwa mwingine.

Sisi wa Kinondo tungepaswa kulijua hili kuliko wengine. Hatua chache kutoka barabarani kuna Kaya Kinondo, msitu mtakatifu wa Wadigo, takriban hekta 30, ambao tangu mwaka 2008 umo katika orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia pamoja na kaya nyingine za Mijikenda. Mgeni hufungwa kitambaa cheusi kiunoni kabla ya kuingia, na akitoka hatoki na chochote, hata jani. Ukuni ukianguka, unaoza palepale. Msitu unatunzwa kwa ajili ya wasiokuwepo: waliotangulia na wajao. Lakini tusijidanganye kwamba utunzaji huo ni wa bure. Ukuni unaooza ndani ni ukuni ambao mama fulani nje hakuupikia.

Halafu kuna vigango, zile nguzo za kuchongwa ambazo Wagiriama husimamishia wazee wao waliokufa. Kigango hakihamishwi. Kinaachwa mvuani, mchwa wakile, mpaka kiishe. Katika karne iliyopita vingi viliibwa vikauzwa ng’ambo, vikaishia kwenye makumbusho ya Marekani. Mwaka 2007 viwili vilirudishwa nyumbani. Huko makumbusho mchwa hawakuvigusa, tena vilitunzwa vizuri ajabu, na hilo ndilo lililokuwa kosa. Mbao zilibaki, ila mzee aliyesimamishiwa alibaki huku bila nguzo yake.

Kwa hiyo kuhifadhi si wema peke yake. Inategemea unamhifadhia nani, na nani analipa.

Lugha yetu ina maneno mawili ya kutusaidia. Kuna wakfu na kuna amana. Wakfu hufungwa daima, hakiuzwi wala hakirithiwi, lakini hata hicho hufungwa ili kitumike: msikiti watu waswali, kisima watu wanywe. Gundi haifanyi wakfu, yafunga tu. Amana ni kingine. Ni mali ya mtu iliyo mikononi mwako, huitumii, huiharibu, na ina mwisho: siku mwenyewe akija, unampa.

Picha ile ni amana. Mtoto alisema “utaikuta”, basi na aikute. Ila amana humlemea aliyeipokea, si jirani yake. Yeye ndiye aliyeahidi, kwa hiyo si haki bibi yake akose meza wala mdogo wake akose mchezo.

Nikamwambia hivyo. Alinuna siku nzima. Kesho yake tulimwendea fundi, akatukatia plaiwudi mbili, sentimita themanini kwa sitini. Tuliisukuma picha polepole juu ya ya kwanza, tukaifunika kwa ya pili, tukafunga kwa leso. Iko chini ya kitanda chake yeye, juu ya matofali, maana sakafuni mchwa hawana adabu. Wakati wa masika ni kazi yake kuifungua na kuipunga hewa, kwa sababu kadibodi ya pwani hufura kwa unyevu. Methali yasema akiba haiozi. Huku kwetu huoza, usipoiangalia.

Deni la mdogo wake nalo lililipwa. Dada mtu alibandika picha ya kalenda ya mwaka jana juu ya kadibodi ya boksi la sabuni, akaikata kwa mkasi vipande arobaini. Niliwakuta mkekani, akimwelekeza: “Anza na kingo. Baba huanza na kingo.”

Mezani, mamangu alikuwa anakanda unga.