Usukani si Pambo, Mjukuu Wangu

Mjukuu wangu, egesha hiyo baiskeli kivulini, ukae. Jambo hili la usukani nilimwambia baba yako, nikawaambia wajomba zako, na kila mmoja aliitikia "ndiyo mzee" kisha akaenda kufanya alivyotaka. Sina nguvu ya kufoka tena. Nitasema polepole, nawe utasikiliza polepole.

Vijana wa Kyela mmeingiwa na tamaa ya kushusha usukani. Najua mmeitoa wapi. Kuna ule msafara wa Tour d'Afrique ulioanza mwaka 2003, watu wanaoendesha kutoka Cairo mpaka Cape Town. Hushuka kutoka Tukuyu wakavuka Mto Songwe kuingia Malawi, migongo imelala, mikono iko chini kwenye pembe za usukani, nanyi mnasimama kando ya barabara mkiwaangalia. Halafu ikaja lami ya Kikusya kwenda Ipinda na Matema, kilomita zisizotimia 40, laini mpaka inamshawishi hata mzee. Basi kila mwenye baiskeli ya Phoenix ya babu yake anataka kuinama kama yule wa Cairo. Mnasahau kwamba yule mizigo yake imetangulia ndani ya gari. Wewe mzigo wako uko nyuma yako, kwenye keria.

Kuinama kuna sababu yake, wala siidharau. Mwendeshaji wa mbio anapigana na upepo: ukizidisha mwendo mara mbili, upepo unakupinga mara nne. Ndiyo maana anajikunja. Mwaka 1993 Mskoti mmoja, Graeme Obree, alivunja rekodi ya dunia ya mwendo wa saa moja kwa baiskeli aliyoiunda mwenyewe, mikono ameikunja chini ya kifua. Mwaka uliofuata shirikisho la dunia likaupiga marufuku mkao ule. Lakini angalia hesabu yake: saa moja, uwanjani, bila gunia, bila mbuzi wa kukatiza njia. Wewe na gunia la mchele mnakwenda kilomita 12 kwa saa, na siku ya matope ya Machi hata hizo hamzifikii. Kwa mwendo huo, upepo unaoukwepa kwa kuinama ni mdogo kuliko maumivu unayojinunulia.

Na maumivu hayo nayaona kabla hujaniambia. Uliposhuka hapo ulikung'uta mkono. Kidole cha mwisho na jirani yake vimekufa ganzi, sivyo? Usukani ukiwa chini, uzito wa kiwiliwili unahamia kwenye viganja, na mshipa wa fahamu unaopita kwenye kitako cha kiganja unabanwa saa nzima. Shingo nayo inakuuma kwa sababu umeinama lakini huna budi kuinua uso uone lori. Kiuno sikitaji. Vijana wanaobeba abiria pale Kasumulu wanakanda viuno kila jioni kana kwamba wamelima ekari nzima ya mpunga, nao hawajashika jembe.

Sasa sikiliza mpangilio, maana wengi mnaanzia pasipo pake. Usiuguse usukani kabla ya kiti. Kaa kitini, weka kisigino juu ya pedeli iliyo chini kabisa: mguu unyooke bila nyonga kuegemea upande. Hapo kiti kimekaa. Wapo wanaoshusha kiti ili usukani uonekane umepanda. Hao wamehamisha maumivu kutoka viganjani wakayapeleka magotini.

Kiti kikishatulia, tazama usukani kutoka ubavuni. Kwa safari ndefu ya kawaida, anza na usukani ulio sawa na kiti, au uliokizidi kidogo. Shika vishikio: viwiko viwe vimelegea, si vimekakamaa. Kama unalazimika kusukuma mabega mbele ili ufike, uko chini mno au mbali mno. Inua sentimita moja, endesha siku mbili tatu, kisha uamue. Usipandishe kwa hasira mpaka juu kabisa, kwa kuwa hapo nako kuna balaa ambalo watu wa mizigo wanalijua. Ukikaa wima kama jaji, uzito wako wote unakwenda nyuma, na nyuma tayari kuna gunia. Gurudumu la mbele linakuwa jepesi, linapepesuka, na ukifika kwenye kilima linanyanyuka kabisa. Mwili unataka usukani wa juu, mzigo unataka wa chini. Unatafuta pale wanapokubaliana, na pahali hapo si pale pale siku ya gunia na siku ya kwenda kanisani bila mzigo.

Kazi yenyewe ni ndogo. Katika baiskeli hizi za zamani, shingo ya usukani inashikwa na kabari iliyo ndani ya bomba, na bolti ndefu inayoonekana juu ndiyo inayoivuta. Ilegeze mizunguko michache tu, usiitoe. Weka kipande cha mbao juu ya bolti, ugonge kwa nyundo pigo moja la adabu, kabari itaanguka. Bana gurudumu la mbele kati ya magoti, zungusha usukani kushoto na kulia huku ukiuvuta. Ukigoma ni kutu: tia mafuta, ulale, urudi asubuhi. Mvua za Kyela zinaingia kila mahali, kwa hiyo kabla ya kuirudisha ile shingo ipake grisi.

Tazama shingo ina alama iliyochorwa. Isionekane nje. Kama alama imefutika, hakikisha upana wa vidole vinne umebaki ndani ya bomba. Hapa sibembelezi. Shingo iliyovutwa kupita kiasi hukatika bila kukuonya, na hukatika unapoiegemea, yaani kwenye shimo au kwenye breki ya ghafla.

Na breki ndiyo iliyonifanya nikuite leo. Phoenix yako ina breki za vyuma, zile fito zinazotoka kwenye usukani mpaka kwenye raba. Ukiinua usukani, fito zinavutwa juu, na raba zinakwaruza rimu. Hilo utalisikia. Ukiushusha, kama ulivyofanya, fito zinashuka nao, raba zinakaa mbali na rimu, na unabana mkono mpaka mwisho bila kupata kitu. Kwenye tambarare ya Ipinda hutagundua, utaburuza mguu. Lakini Tukuyu imelizidi Ziwa Nyasa kimo kwa mita 1,000 hivi, na mteremko wa huko haumwulizi mtu. Kila unapogusa usukani, legeza nati za viungo vya fito, zipange upya mbele na nyuma, kisha ukaze. Rafiki yako mwenye baiskeli ya mtumba ya mbio, isiyo na kabari, mwambie habari yake ni nyingine: kwake urefu unapatikana kwa pete zilizo chini ya shingo, au kwa kuigeuza shingo itazame juu, na bomba likishakatwa halirefuki. Asimpe fundi msumeno kabla hajaijaribu mwezi mzima.

Leo tutapandisha sentimita moja, tupange fito. Kesho beba gunia nusu mpaka Ipinda. Ukirudi na ganzi, tunaongeza. Ukirudi na gurudumu linalotangatanga, tunapunguza. Haya, libane kwa magoti, nami nigonge.