Fundi wa Kesho Anatudai Nini?

Kitu kikiwa changu, nimekinunua kwa pesa zangu na risiti ninayo, je, nina haki ya kukibadilisha nipendavyo? Karibu kila mtu niliyemuuliza alinijibu kabla sijamaliza: ni chako, fanya unavyotaka, kwani nani atakuuliza? Jibu hilo lina nguvu yake. Lakini nadhani linamsahau mtu mmoja, naye ni yule atakayekifungua kitu hicho baada yako.

Mfano wangu ni pikipiki. Ni Moto Guzzi 850 T3, modeli iliyoingia sokoni mwaka 1975. Kiwanda chake kiko Mandello del Lario, mji mdogo kando ya Ziwa Como huko Italia, na kampuni yenyewe ilianzishwa 1921. Niliinunua Malindi kwa mzee Mwitaliano aliyekuwa anafunga virago kurudi kwao baada ya miaka mingi ya pwani. Injini ni ya cc 844, silinda mbili zilizochomoza kushoto na kulia kama masikio ya mtu anayesikiliza kwa makini. Haina cheni, nguvu zinafika gurudumu la nyuma kwa shafti. Nikiwa kwenye foleni ya Jogoo Road, makanga wananiuliza, "Boss, hiyo ni ya miaka gani?" Nawajibu ni ya kabla sijazaliwa, na kabla ya wao kuzaliwa pia.

Naitengeneza mwenyewe, nyumbani, kwenye sakafu ya saruji iliyojaa madoa ya oili. Na hapa kuna jambo linalonifurahisha kila mara. Watu walioiunda walijua itafunguliwa. Kwa sababu silinda zimetokeza pembeni, plagi iko pale pale mkononi, na valvu unaziweka sawa ukiwa umekaa kwenye stuli, kwa spana, bisibisi na kipimo chembamba cha chuma. Fremu yake, aliyoibuni mhandisi Lino Tonti, ina mabomba ya chini yanayofunguliwa kwa bolti, ili injini ishuke bila kulazimisha kitu. Linganisha na simu yako, ambayo betri imegandishwa kwa gundi ndani ya kioo. Kitu kinachofunguka kinakupa imani: mtengenezaji anakuambia, "Najua hutakuwa mjinga milele." Lakini anayepewa imani hupewa na mzigo wake.

Mzigo wangu unaitwa breki. Pikipiki nyingi zina breki ya mkono kwa gurudumu la mbele na ya mguu kwa gurudumu la nyuma. Guzzi hii haikuundwa hivyo. Ina diski tatu, mbili mbele na moja nyuma. Ukikanyaga breki ya mguu, unashika diski ya nyuma pamoja na ya mbele upande wa kushoto. Mkono unabakiwa na moja tu, ya mbele upande wa kulia. Hayo yalikuwa maamuzi ya wahandisi: waliona mtu akishtuka barabarani anakanyaga kwa nguvu, basi wakahakikisha kwamba hata akikanyaga tu, gurudumu la mbele nalo litasaidia.

Mimi nilizitenganisha. Niliweka masta kubwa zaidi kwenye usukani, nikavuta bomba jipya hadi kalipa ya kushoto, na breki ya mguu ikabaki na gurudumu la nyuma peke yake. Napenda kuhisi mbele kwa vidole vyangu, na nimeendesha hivyo miaka minne bila shida. Wamiliki wengi wa Guzzi za enzi hizo, huko Ulaya na kwingineko, wamefanya vivyo hivyo. Sioni kosa lolote katika kazi ile.

Lakini mwezi ujao nahama Nairobi kwa ajili ya kazi, na ninakoenda hakuna pa kuiweka. Pikipiki itabaki kwa mdogo wangu. Yeye ni mtu wa boda, ameendesha miaka sita, na anaijua barabara kunishinda. Na kama waendeshaji boda wengi ninaowafahamu, mguu wake wa kulia ndio unaofikiri. Mbele haguswi ila kwa dharura, kwa sababu alipoanza kazi aliambiwa ukishika mbele utaruka juu ya usukani. Unaona tatizo liko wapi? Wahandisi wa Italia waliunda breki inayomfaa yeye hasa, bila kumjua. Mimi, ndugu yake wa damu, nimeiondoa.

Tupime basi majibu yaliyopo.

La kwanza ni lile la risiti: ni yangu. Hili halifiki mbali. Umiliki unanipa haki juu ya chuma. Haunipi haki juu ya mwili wa mtu mwingine, na breki ni mahali ambapo chuma na mwili vinakutana. Anayevuka barabara pale Donholm hana habari na risiti yangu.

La pili ni la wapenda vitu vya kale: usiguse kitu, kiache kama kilivyotoka kiwandani, kila badiliko ni dhambi. Nalielewa, ila nalikataa. Pikipiki isiyobadilishwa kamwe ni pikipiki isiyoendeshwa. Diski zake ni za chuma cha kusubu, zinazoota kutu usiku mmoja tu wa unyevu. Pale Malindi, upepo wa bahari haukuuliza kama ni kitu cha makumbusho. Mpira hufa. Nyaya hukauka. Kukitunza chombo ni kukibadilisha polepole. Na hata sisi wenyewe tunapenda kubadilisha: itazame nganya yoyote mjini, taa, michoro, muziki. Hakuna aliyedanganywa na nganya, maana mabadiliko yake yanajitangaza toka mbali.

Hapo ndipo nilipoanza kuona tofauti niliyokuwa naitafuta. Nilipoifungua pikipiki hii mara ya kwanza nilikuta kazi za watu wawili. Mmoja alikuwa mzee mwenyewe. Aliniachia daftari la Kiitaliano, na rafiki yangu wa Malindi, mtu wa huko huko aliyekijua Kiitaliano kwa kufanya kazi hotelini, alinisomea. Mzee aliandika kila kitu: uzi wa bolti fulani uliliwa, ameuwekea uzi mpya wa chuma, usikaze kupita kiasi. Mwingine ni fundi nisiyemjua. Kwenye kishikilio cha kalipa ya nyuma alitia bolti laini ya fremu za kitanda, kisha akaipaka rangi nyeusi ifanane na wenzake.

Tatizo langu si bolti ile. Mtu huwa hana spea, mvua inanyesha, mteja ana haraka. Jua kali imelisha nchi hii kwa kubuni, na gasketi iliyokatwa kwenye boksi la viatu inaweza kuwa kazi ya heshima kabisa. Gasketi ya boksi inakuonyesha uso wake. Ukiifungua unajua. Rangi nyeusi ndiyo iliyonikasirisha, kwa sababu haikuwa na kazi nyingine ila kumzuia mtu anayefuata asijue. Mtu huyo nilikuwa mimi. Fundi yule hakunijua, hakunichukia, ila alinidanganya miaka kadhaa kabla hatujakutana, na kama ningeamini macho yangu ningeulipia uongo huo nikiwa na mtu nyuma yangu.

Wapo watakaosema huwezi kuwa na deni kwa mtu ambaye hajatokea. Hana jina, hajakukopesha kitu. Nawajibu hivi: mtu huyo hutokea kila mara, tarehe yake tu ndiyo haijulikani. Mimi nilikuwa kesho ya mzee yule. Alipokuwa akiandika kuhusu uzi wa bolti hakuwa na sura yangu akilini, na bado maneno yake yameniepusha na hatari. Siwezi kumlipa, ameenda. Deni la namna hiyo halirudi nyuma, hupelekwa mbele.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Walikuwa wakiwazungumzia wafanyabiashara, lakini fundi naye yumo. Kwa hiyo jibu langu la kwanza lilikuwa rahisi: nitaandika. Nitamwambia mdogo wangu kwamba breki zimetenganishwa, nitamwonyesha bomba, naye ataendesha akijua. Ukweli umesemwa, deni limekwisha.

Nilimwambia. Tulikuwa tunakula. Akasikiliza vizuri, akauliza maswali ya maana, akasema, "Sawa kaka, nimeshika." Kisha akaomba aizungushe kidogo mtaani. Nilisimama getini nikamwangalia akirudi. Mtoto alikimbilia mpira mbele yake, si karibu sana, na yeye akasimama salama. Kwa mguu. Mkono wake wa kulia haukugusa kitu, na tairi la nyuma liliburura likaacha mstari mfupi mweusi kwenye lami. Ukifunga breki uzito mwingi huenda mbele, nyuma inakuwa nyepesi, na tairi jepesi hufunga mapema.

Alikuwa amenisikia, ila maneno yaliingia masikioni na tabia inakaa mguuni. Nadhani hapa ndipo maadili ya ukweli mtupu yanapoishia. Tumezoea kuamini kwamba ukishamfahamisha mtu umejitoa: alisaini, aliambiwa, ameonywa kwa herufi ndogo chini ya karatasi. Lakini onyo humwachia anayefuata kazi yote ya kujibadilisha, ili mimi nisibadilishe chochote. Pale ambapo makosa yanalipwa kwa mifupa, sidhani hilo linatosha. Kinachoshika uhai kinapaswa kumfaa anayekitumia, si aliyekiunda upya.

Kwa hiyo msimamo wangu sasa ni huu. Badilisha, lakini ikiwezekana badilisha kwa namna inayoweza kurudishwa. Andika ulichobadilisha, na usipake rangi juu ya aibu. Na kwa vile vitu vichache vinavyoamua nani anafika nyumbani, mwangalie mtu halisi anayekuja, mwili wake na mazoea yake, kabla ya kuangalia ladha yako.

Jumamosi tulirudisha mfumo wa kwao, sisi wawili. Viungo vya asili vilikuwepo, nilikuwa nimevihifadhi kwenye kopo la biskuti. Yeye alikanyaga, mimi nikatoa hewa, hadi mafuta ya breki yakatoka bila mapovu. Ameniambia huenda siku moja atajifunza kutumia mbele kwa mkono na kuzitenganisha tena. Ni haki yake. Masta yangu na lile bomba viko kwenye kopo lile lile, na maelezo yako kwenye daftari la mzee, kuanzia pale Kiitaliano kinapoishia.