KIJANA, MBONA UNAFICHA MACHOZI?

Rafiki yangu kijana,

Wewe uliyepewa karatasi hii hapa Sigi, uwe unapandisha abiria Amani kwa bodaboda, uwe unachuma iliki au uko kijiweni tu, nakuuliza: mara ya mwisho ulilia lini?

Tangu utotoni uliambiwa, "Nyamaza! Mwanamume halii." Ulipofiwa, ukakaza roho. Ulipoachwa na mchumba, ukaenda kilabuni. Je, uchungu uliisha? LA! Uliingia ndani.

Utazame mto Sigi. Maji yake hushuka hadi bwawa la Mabayani, na jiji la Tanga linakunywa. Lakini hata bwawa lina mahali pa kupunguzia maji. Ukipaziba, mvua ya masika itabomoa ukuta. Ndivyo ulivyo moyo wako. Uchungu ukizibwa hutoka kama ngumi kwa mdogo wako, kama matusi kwa mama. Na wengine, ndugu yangu, hufika hata kwenye kamba. Shirika la Afya Duniani linasema wanaume wanaojiua ni wengi kuliko wanawake. Shetani anaupenda ukimya huo!

Eti kulia ni udhaifu? Fungua Biblia. Yusufu, mkubwa wa Misri, alilia kwa sauti hadi nyumba ya Farao ikasikia (Mwanzo 45:2). Daudi aliyemwua Goliathi alimlilia mwanawe Absalomu (2 Samweli 18:33). Na Yesu mwenyewe alimlilia rafiki yake Lazaro, tena mbele za watu (Yohana 11:35). Alilia kwanza, ndipo akamwita atoke kaburini. Machozi hayakumpunguzia nguvu!

Basi, fanya hivi LEO. Tafuta mtu mmoja unayemwamini, awe mjomba au mwalimu, umweleze kinachokuuma. Kama hujafika miaka 18, piga 116, simu ya watoto, ni bure. Na mdogo wako akilia, usimwambie anyamaze. Mwulize, "Nini kinakuuma?" Kisha kaa naye. Kesho wewe ni baba. Anza kujifunza sasa.

Na usiku huu, ukiwa peke yako, sema: "Bwana Yesu, nimechoka kujifanya jiwe. Haya ndiyo yanayoniuma." Kisha yataje yote, moja moja. Hatakucheka. Yeye naye alilia.