Je, Ngano ni Uongo?



Usiku mmoja baada ya sala ya Isha alinijia barazani jirani yangu, mtu mwema mwenye kuichunga dini yake, mkononi ameshika kitabu cha Kiingereza cha mwanawe wa kidato cha tatu. Alikiweka mbele yangu kama mtu awekaye samaki aliyeoza, akasema: "Sheikh, hebu tazama wanayosomeshwa watoto wetu. Watu wasiofika inchi sita kwa urefu, majitu marefu kama minara, na farasi wanaosema kama mimi na wewe. Huu si uongo mtupu? Nataka nikamwambie mwalimu kwamba mwanangu haingii tena katika somo hili. Waonaje?"

Sikumjibu usiku ule. Kitabu sikukijua, na kuhukumu tusichokijua ndiyo dhambi iliyo nyepesi kuliko zote hapa barazani petu. Tena Kiingereza changu ni cha kusomea barua na karatasi ya umeme, basi. Nikamwomba amlete kijana kila jioni anisomee na kunifasiria, si kile kitabu cha kufupishwa cha darasani, bali kitabu kizima, ambacho mwalimu wake alikubali kumwazima. Kwa muda wa mwezi na siku kadhaa mwanafunzi nilikuwa mimi.

Kitabu chenyewe ni Safari za Gulliver. Mtungaji wake ni Jonathan Swift, aliyezaliwa Dublin mwaka 1667, naye alikuwa mkuu wa kanisa la St Patrick mjini humo. Kilitoka London mwaka 1726. Wazee waliosoma shule za zamani huenda wakakikumbuka kwa Kiswahili, maana Frederick Johnson alikitafsiri katika miaka ya 1930. Gulliver ni tabibu wa merikebu aliyesafiri mara nne, na kila safari akaangukia nchi ambayo haimo katika ramani yoyote.

Hoja ya jirani yangu haifai kudharauliwa. Uongo ni haramu, na hilo halina mjadala. Tena alinikumbusha aya ya sura ya Luqman inayowalaumu wanaonunua maneno ya upuuzi, na kisa cha Nadhr bin Harith, aliyekuwa akiwahadithia Makureshi habari za wafalme wa Kiajemi, Rustam na Isfandiyar, ili wasiisikilize Qur'ani. Naam, kisa hicho kimo katika vitabu vya tafsiri. Lakini aya yenyewe haikunyamaza juu ya sababu ya lawama: mtu huyo ananunua maneno hayo ili awapoteze watu na njia ya Mwenyezi Mungu. Nadhr hakulaumiwa kwa kuwa Rustam ni ngano. Alilaumiwa kwa kuifanya ngano pazia la kuifunika haki.

Na lau kila kisa kisichotokea kingekuwa uongo, ingetubidi kuwatoa msikitini wengi wa wanavyuoni wetu. Kalila na Dimna, ambamo mbweha wawili wanazungumza na simba na ng'ombe, kilitoka Bara Hindi, kikapita kwa Waajemi, kisha Ibn al-Muqaffa akakitia katika Kiarabu katika karne ya nane ya Miladia, na tangu hapo Waislamu wamekisoma bila kuona haya. Hariri wa Basra, aliyefariki mwaka 1122, alitunga Maqamat zake hamsini, zote juu ya mlaghai mmoja fasaha aitwaye Abu Zaid, na wanavyuoni wakazihifadhi kwa ajili ya lugha yake. Hariri mwenyewe alijua kwamba atasemwa, ndiyo maana katika utangulizi wake alijitetea kwa hoja hii hii ya visa vilivyotiwa katika vinywa vya wanyama: hakuna aliyewahi kuwatia dhambini wasimulizi wake. Basi kijana wetu anayesoma Gulliver ili ajifunze Kiingereza amefuata njia iliyokwisha kukanyagwa na waliojifunza Kiarabu kwa Hariri. (Lakini tuchunge adabu: chungu na hudihudi wa Nabii Suleiman wasiingizwe katika mlango huu. Hao ni habari ya kweli, si mfano wa mtungaji.)

Sasa, uongo ni nini? Mimi nasema kudanganya kunataka watu wawili, mmoja ajuaye na mmoja asiyejua, na yule ajuaye anataka mwenziwe abaki hajui. Bibi akisema "Paukwa", na watoto wakaitika "Pakawa", wote wamekwisha kuingia katika mapatano. Sungura akizungumza baada ya hapo hakuna aliyedanganywa, hata yule mdogo anayesinzia mapajani.

Kijana akanipinga, na alikuwa na haki ya kunipinga. "Lakini Sheikh, kitabu hiki hakina paukwa." Ni kweli. Kilitoka bila jina la Swift, kana kwamba Gulliver ndiye mwandishi. Kilitiwa picha yake na ramani za nchi zake, na dibaji inayodai kwamba majirani zake walimfanya kuwa kipimo cha ukweli. Swift alimwandikia rafiki yake Pope kwamba kuna askofu huko Ireland aliyesema kitabu kimejaa uongo usiosadikika, na kwamba yeye binafsi hakuamini ila kidogo sana. Nilicheka mpaka kikohozi kikanishika. Nikamjibu kijana kwamba mtu akikuapia kuwa amemeza jahazi pamoja na tanga lake, kiapo hicho ndicho paukwa yake. Lakini nakiri hoja yangu iliyumba kidogo hapa. Yuko msikilizaji ambaye ataamini, mtoto wa darasa la kwanza au mtu mzima mwenye moyo mweupe, na kwa huyo msimulizi ana deni la kumwambia. Mwalimu anayekisomesha kitabu kama hiki bila kulilipa deni hilo amekosa, na ningemwambia hivyo mbele ya mkuu wa shule.

Faida ya ngano niliiona tulipofika katika vita vya mayai. Katika nchi ya wale watu wadogo, mfalme ameamuru kila mtu avunje yai upande mwembamba. Wengine wanashikilia upande mnene wa wazee wao. Na watu 11,000 wamekufa kwa nyakati mbalimbali kuliko kukubali amri hiyo. Kijana alicheka. Kisha akanyamaza, akaniuliza kwa sauti ndogo: "Sheikh, mwaka ule wa mwezi wa Idi, msikiti wetu na msikiti wa pili mlipoacha kuamkiana, hiyo ilikuwa yai au siyo yai?" Nilitaka kumkemea. Mwezi ni ibada, si yai! Lakini kuacha kuamkiana hakukuwa ibada, nami nilikuwa mmoja wao. Waadhi gani angethubutu kuniambia hayo barazani pangu? Mtu wa inchi sita ndiye aliyeniambia.

Safari ya nne ndiyo iliyonikosesha usingizi. Huko wanaotawala ni farasi wenye akili, na katika lugha yao hamna neno la uongo. Gulliver anapowaeleza mambo ya kwao wanashindwa kumfahamu, kwani wao husema kwamba maneno yamewekwa ili watu waelewane, na asemaye jambo ambalo halipo ameivunja kazi ya maneno. Nikajiuliza farasi hao wangekiitaje kitabu kilichowazaa. Nikajiuliza pia wangeniitaje mimi.

Sisi, ndugu msomaji, tuna neno moja kwa vitu viwili. Aliyoyasema Mtume (s.a.w.) twayaita hadithi, na ya Sungura na Fisi nayo twayaita hadithi. Nami kwa miaka mingi nimewaogofya watoto wa chuo changu kwa adhabu ya kaburini ya mtoto anayeacha chuo kabla ya kukhitimu. Nimeitaja adhabu hiyo kwa sifa zake zote, na kusema kwamba Mtume ndiye aliyeieleza. Niliisikia nikiwa mdogo. Sikuwahi kuiona kitabuni, wala sikuwahi kuitafuta, maana ilifanya kazi: watoto walikuja. Na onyo la Mtume juu ya anayemzulia kwa makusudi nalijua tangu utoto. Wahadithiaji wa misikitini waliotenda kama mimi Ibn al-Jawzi aliwaandikia kitabu kizima kabla ya mwaka 1200.

Jumamosi iliyofuata niliwakusanya watoto nikawaambia kwamba yale hayakuwa maneno ya Mtume. Mmoja akauliza kama basi ilikuwa ngano. Nikamwambia hapana, kwa kuwa sikuanza na paukwa. Watoto wawili hawakurudi wiki ile. Wazazi wao nimewaendea.

Jirani yangu nilimweleza yote haya kama nilivyokueleza wewe. Hakuridhika na kila neno. Dibaji ile ya Gulliver bado inamkera, nami sikumlazimisha. Lakini mwanawe yumo darasani, na jioni ya mwisho, farasi walipokuwa wakimfukuza Gulliver kutoka nchi yao, baba mtu alikuwa amekaa ukingoni mwa baraza akisikiliza, akasahau kwamba chai yake imepoa.