Darsa ya Ramadhani, siku ya 12: Vibarua wa kaburini



Ndugu zangu, jana baada ya tarawehe kijana mmoja alinionesha kwenye simu picha ya kisanamu cha Misri ya kale kilichopo makumbusho. Rangi ya buluu, mikono imekunjwa kifuani, kimeshika jembe. Najua mtauliza, shehe na masanamu wapi na wapi? Nivumilieni.

Kinaitwa ushabti. Hakikuwa mungu wa kuabudiwa, kilikuwa kibarua. Wamisri wale waliamini kwamba baada ya kifo kuna mashamba, na mtu ataitwa akalime, amwagilie, abebe mchanga. Basi mwenye uwezo alizikwa na visanamu vyake, vimeandikwa mwilini agizo kwamba bwana akiitwa kazini, viitike vyenyewe. Vingi vilitengenezwa kwa mchanga mweupe uliosagwa, ukatiwa magadi na shaba kidogo, ukachomwa hadi ukang'aa. Kaburi la mfalme Tutankhamun, lililogunduliwa 1922, lilikuwa navyo 413: vibarua 365, mmoja kwa kila siku ya mwaka, na wanyapara 48 juu yao. (Sisemi ndiye Firauni wa Nabii Musa, yule Qur'ani haikumtaja jina.) Yaani hata huko mtu anataka wanyapara!

Surat An-Najm imeshatufundisha kwamba mtu hana ila alichokihangaikia mwenyewe, kwa hiyo hilo la kufanyiwa kazi akhera tuliache. Lililoninyima usingizi ni lingine. Vibarua wetu sisi kweli tutakutana nao kule, ila hawatakuja na jembe. Watakuja kudai. Katika hadithi aliyoipokea Bukhari, Mtume (s.a.w.) ametueleza kuwa siku ya Kiyama Mwenyezi Mungu mwenyewe atagombana na watu watatu, na mmoja ni yule aliyemwajiri mtu, akaipata kazi yake yote, asimpe ujira wake.

Hapa Rujewa nani hana kibarua? Wa kupandikiza, wa palizi, wa kuvuna. Mtu amefunga, midomo imekauka, na hela ya palizi ya msimu uliopita bado anasubiri mpunga upande bei.

Na mimi nimo. Vijana wawili walinipalilia majaruba mwaka jana, nikawaambia subirini kidogo. Mmoja nimemlipa leo alfajiri, akashangaa. Wa pili simu yake haipatikani tangu Shaabani. Ni yule mrefu aliyekuwa anaswali safu ya nyuma. Anayejua alikohamia anione kabla ya futari, hela yake ninayo mkononi.