Kutoka "Ninyi" Hadi "Sisi"

Miaka michache iliyopita tulimzika mtoto wa miaka minne katika usharika wetu. Mimi, nikiwa mzee wa kanisa, niliombwa kusema neno la faraja. Nikasema ni mapenzi ya Mungu, na kwamba huenda Bwana alikuwa na jambo la kutufundisha. Mama wa mtoto akainua uso, akanitazama, asiseme kitu. Macho yale sijayasahau.

Baadaye nilisoma riwaya ya Albert Camus, mwandishi wa Kifaransa ambaye hakumwamini Mungu. Camus alizaliwa Algeria mwaka 1913, nchi hiyo ikiwa chini ya Ufaransa. Kabla hajatimiza mwaka mmoja, baba yake alikufa vitani. Mama yake hakujua kusoma, alikuwa mzito wa kusikia, akawalea wanawe kwa kufanya usafi katika nyumba za watu. Akiwa na miaka 17 Camus alipata kifua kikuu. Kwa hiyo alipoandika juu ya mateso, hakuandika habari za kusikia.

Riwaya hiyo, iliyotoka mwaka 1947, inasimulia tauni iliyouvamia mji wa Oran. Malango yanafungwa, watu wanakufa. Padre Paneloux anapanda mimbarani na kuwaambia waumini kwamba wamestahili pigo hilo. Kisha anajiunga na wanaohudumia wagonjwa, na siku moja anakesha kitandani pa mtoto mdogo anayekufa kwa maumivu makali. Anapiga magoti kumwombea. Mtoto anakufa. Daktari Rieux, asiyeamini, anamgeukia kwa hasira na kumwambia kwamba huyu angalau hakuwa na kosa.

Padre anahubiri tena. Safari hii haachi imani yake, ila neno moja limebadilika: hasemi tena "ninyi", anasema "sisi".

Wapendwa, swali langu ni hili: je, neno la kweli laweza kuwa dhambi kwa sababu ya mahali anaposimama msemaji? Naamini laweza. Marafiki wa Ayubu walikaa naye chini siku saba wakiwa kimya, na hapo walikuwa marafiki kweli. Walipofumbua vinywa kumweleza sababu za mateso yake, wakamkosea yeye na Mungu pia, ingawa mengi waliyosema yangefaa kuhubiriwa Jumapili yoyote. Mungu ni mwenye enzi, hilo silikani. Lakini mimi nililitamka nikiwa nimesimama ng'ambo, nikiitetea heshima ya Mungu mbele ya mama aliyehitaji mtu wa kulia naye.

Camus aliwahi kualikwa na watawa Wadominiko huko Paris. Aliwaambia wazi kwamba hawezi kujifanya ana imani yao, wala hakuwataka waiache. Aliwaomba Wakristo waseme bila kuficha dhidi ya uovu, na wasaidie kupunguza idadi ya watoto wanaoteswa. Ni aibu kwetu kukumbushwa hayo na asiyeamini, lakini aibu hiyo ina faida.

Hata hivyo, nasimama tofauti naye. Camus aliona kifo cha mtoto kinaifunga njia ya kumwendea Mungu. Mimi naona kwamba Mungu mwenyewe hakubaki kwenye "ninyi". Jina Imanueli lina "sisi" ndani yake. Penye kaburi la Lazaro Yesu alijua atakalotenda, na bado alilia kwanza. Msalaba haukunieleza kwa nini yule mtoto alikufa. Umenionyesha tu mahali Mungu aliposimama.

Nilirudi kwa yule mama. Sikuhubiri. Nilimwomba msamaha kwa maneno yangu ya siku ile. Alinyamaza kitambo, kisha akanisogezea kigoda. Tukakaa.

Utakapoitwa msibani, ndugu yangu, kabla hujasema neno, tafuta kwanza mahali pa kukaa.