Mfuko wa Karatasi na Dhamiri ya Mtu

Twajua sote ya kuwa tangu tarehe 1 Juni 2019 sheria ya Tanzania Bara imekataza mifuko ya plastiki ya kubebea vitu. Kabla ya siku ile mifuko ilinasa katika minyaa ya Handeni, ikaziba mitaro ya Korogwe, na mvua ikaichukua mpaka mto Pangani. Sheria hiyo ni njema. Lakini swali letu mwezi huu ni hili: mtu aliyeacha mfuko wa plastiki akashika wa karatasi, je, amekwisha kutimiza wajibu wake?

Wengi hujibu, Naam. Karatasi huoza, basi haina hatia. Neno hili lina kweli ndani yake, wala hatulipingi. Lakini si kweli yote. Karatasi nayo ina asili yake. Karatasi ya kaki hutengenezwa kule Mgololo, wilaya ya Mufindi, kwa miti ya misindano. Mti ule hukua miaka zaidi ya kumi, na kuupika hata uwe karatasi kwataka maji mengi na moto mwingi. Nasi twabebea nyanya kutoka sokoni hata nyumbani, mwendo wa nusu saa, kisha twautupa mfuko. Miaka kumi kwa nusu saa: hayo hayalingani.

Tena jina la kitu laweza kutudanganya. Ile mifuko laini iitwayo mifuko mbadala, wengi hudhani ni kitambaa. Kumbe iliyo mingi imefanywa kwa nyuzi za plastiki. Atumiaye mmoja mwaka mzima afanya vema. Anunuaye mpya kila siku ya soko amerudi pale pale alipotoka.

Na tutazame mkonge, maana Korogwe twaishi katikati yake. Dk. Richard Hindorf aliuleta nchini mwaka 1893. Katika miche 1,000 aliyoagiza kutoka Florida ilipona 62 tu. Kwa miaka mingi watu walitwaa nyuzi peke yake, yaani kama asilimia 4 ya uzito wa jani, na yaliyosalia yakatupwa. Mwaka 2008 pale Hale ulizinduliwa mtambo wa kugeuza mabaki hayo kuwa gesi na umeme. Mmea ulikuwa ule ule. Kilichobadilika ni jicho la mtazamaji. Basi twajifunza ya kuwa takataka si aina ya kitu, bali ni hukumu tuitoayo juu ya kitu.

Kwa hiyo mwenye kuchagua na aulize mambo matatu: Kimetoka wapi? Kitatumika mara ngapi? Kikiisha kitakwenda wapi? Karatasi iliyoandikwa upande mmoja, na iandikwe upande wa pili. Na twendapo sokoni tuchukue kikapu cha ukindu, kama walivyofanya mama zetu, maana hicho hudumu miaka, na kikichakaa hurudi udongoni.

Huenda mtu akasema, "Kikapu ni ghali, nami ni maskini." Asema kweli, wala tusimhukumu mwuza karanga kwa kipande chake cha daftari kuukuu. Maskini mara nyingi hutunza kuliko sisi. Mfuko wake huukunja na kuutumia tena hata utoboke. Hukumu na ituangukie sisi wenye uwezo, tuchukuao mifuko mitatu, mmoja ndani ya mwingine, kwa sababu tu tumesahau kikapu nyumbani.

Sheria yaweza kumkataza mtu kitu kibaya, lakini haiwezi kumfundisha kiasi. Kiasi hutoka ndani ya mtu mwenyewe, wala hakuna askari awezaye kukikagua mlangoni pa soko. Basi, ndugu, siku ya soko ijayo, kabla hatujafunga mlango, na tutazame ukutani kikapu kilipotundikwa.